Fundi Aliyeonja Karatasi

Mgeni aliingia bila kupiga hodi, mashine kubwa ikinguruma na kila mtu akiwa na wino mikononi. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye mkoba mwembamba begani. Alisimama mlangoni akitabasamu, kana kwamba wote walikuwa wakimsubiri yeye.

Hakuna aliyemsubiri. Wiki ile nani angepata nafasi ya kumsubiri mtu? Jumamosi kulikuwa na tamasha kubwa la muziki uwanjani. Mabango yake yote na tiketi zake zote zilichapwa katika chumba kile kimoja, nyuma ya duka la viatu. Redio ilitangaza tamasha asubuhi hadi jioni. Watoto walikuja mlangoni kuomba mabango yaliyoharibika, wakayabandike makwao. Mji mzima ulikuwa umechangamka, na waliochapa uchangamfu huo ni watu wanne tu wa familia moja.

Baba ndiye aliyeendesha mashine. Mtaa wote ulimwita Fundi. Mama alipanga karatasi na kufunga mizigo. Mdogo wake Fundi alipeleka mizigo kwa baiskeli na kupiga soga njia nzima, ndiyo maana akaitwa Spika. Binti yao mkubwa alikata karatasi kwenye mashine ya kisu kirefu, karibu na dirisha. Yeye aliitwa Mkasi. Waliomjua walisema jina hilo halikutokana na karatasi peke yake, bali pia na ulimi.

"Karibu," Mkasi alisema bila kuinua macho. "Kama ni tiketi, haziuzwi hapa. Sisi tunazichapa tu, hata sisi wenyewe hatujapata."

"Si tiketi," mgeni alijibu. "Nataka stika ndogo."

Akafungua mkoba akatoa karatasi moja, ndogo kama kiganja. Ilikuwa imegawanywa kwa mistari ya vitobo kuwa miraba midogo, kila mmoja sawa na ukucha wa kidole kidogo. Juu ya kila mraba palichorwa samaki wa bluu.

"Karatasi iwe nene hivi hivi," alisema. "Iwe ya kunyonya. Vitobo viwe vizuri, mtu achane kwa mkono. Naihitaji kabla ya Jumamosi."

Mkasi aliigeuza. "Stika gani haina gundi?"

"Mengine tutamalizia wenyewe."

"Mtamalizia nini?"

Mgeni akacheka kidogo. "Dada, wewe ni mchapaji au ni askari? Naacha hii kama mfano. Msiishikeshike sana, isilowe. Kesho nitapita."

Akaondoka kama alivyokuja. Spika alimtazama mpaka akapotea kwenye kona.

"Kijana wa watu ana adabu," alisema.

"Adabu gani, hata hodi hakupiga," Mkasi alimjibu.

Sasa, kuna jambo moja la kulijua kuhusu Fundi. Alikuwa na tabia aliyoirithi kwa mzee aliyemfundisha kazi. Karatasi yoyote mpya ikiingia dukani, aliionja. Aliweka kona yake ulimini, akatulia, akafikiri. Karatasi ikinata haraka, maana yake inakunywa wino. Ikiteleza, maana yake imepakwa. Alijua hata upande upi uchapwe na upi uachwe. Kwa miaka yote ile ulimi wake haukuwahi kumdanganya.

Alizima mashine, akachana mraba mmoja, akauweka ulimini.

"Mbuzi wangu ameanza," mama alisema. Huo ulikuwa utani wake wa kila siku.

Fundi alifumba macho. "Hii inakunywa kuliko sifongo," alisema. Kisha akakunja uso. "Mbona chungu? Na ulimi unakufa ganzi. Wameweka nini humu?"

Akautema kwenye kikapu, akanywa maji, akawasha mashine. Kazi ikaendelea. Mabango mekundu na ya manjano yalitoka moja baada ya jingine, na mama akayatundika kwenye kamba yakauke.

Haukupita muda mrefu, Fundi akasimama katikati ya chumba.

"Nani ameongeza nyekundu?" aliuliza.

"Hakuna," Mkasi alisema. "Ni ile ile ya asubuhi."

"Inapiga kelele."

Spika alicheka mpaka akashika mbavu. "Kaka, leo rangi zinapiga kelele? Basi na mimi nitaiambia baiskeli yangu ipunguze maneno."

Lakini Fundi hakucheka. Jasho lilikuwa likimtiririka. Taya lilikuwa limemkaza. Mkasi alimsogelea akayaona macho yake: mboni zilikuwa zimepanuka, nyeusi tupu, kama za paka gizani, ingawa nje jua lilikuwa linawaka.

"Herufi zinashuka," Fundi alisema polepole, akiyaangalia mabango kwenye kamba. "Zinashuka moja moja. Zinaenda wapi? Na huu ukuta unapumua." Akatabasamu, uso ukamwangaza. "Lakini tazameni hii nyekundu. Tazameni inavyoingia kule ndani."

Kule ndani ni mahali roli za mashine zilipokuwa zikizunguka. Fundi alinyoosha mkono aishike ile rangi.

Mkasi aliruka. Hakukumbuka baadaye aliirukaje meza. Alichokumbuka ni kiganja chake kikigonga swichi, na mashine ikikata pumzi. Vidole vya baba yake vilikuwa vimegusa roli tayari. Vilitoka vyekundu kwa wino, na kwa neema ya Mungu kwa wino tu.

Wote wakaanza kusema kwa pamoja.

"Maziwa," mama alisema. "Nileteeni maziwa, nimnyweshe."

"Huyu katupiwa jambo," Spika alisema, akichukua kamba ya kufungia mizigo. "Kazi imetujaa, watu wana kijicho. Tumfunge kwanza asijiumize, halafu tutafute wa kumtazama."

Fundi aliiona kamba. Uso uliokuwa unang'aa ukabadilika ghafla. "Nyoka," alisema, akarudi nyuma hadi kwenye kona, akapiga kelele ambayo binti yake hakuwahi kuisikia kinywani mwake.

"Baba mdogo, weka chini hiyo kamba," Mkasi alisema, naye tayari alikuwa anatoka mbio.

Alimkuta nesi, jirani yao, uani kwake, nyumba ya pili, akianika mashuka. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya kuita gari likasimama. Alifanya kazi kitengo cha dharura, na siku hiyo ilikuwa yake ya mapumziko.

"Baba anaona nyoka," Mkasi alihema. "Macho yake, Mama Nesi, njoo uone macho yake."

Nesi aliliacha shuka likaanguka.

Alipoingia dukani hakupiga kelele hata kidogo. Sauti yake kubwa aliiacha mlangoni. Alizima redio, akafunga pazia, akamsogeza Spika na kamba yake kando kwa jicho moja tu. Kisha akachuchumaa mbali kidogo na Fundi, asimzibe njia.

"Fundi, ni mimi jirani yako. Uko dukani kwako. Hakuna nyoka. Unaona mambo kwa sababu kuna kitu kimeingia mwilini, na kitatoka. Unanisikia?"

Fundi aliitikia kwa kichwa, akitetemeka.

"Mnaongea wengi mno," nesi aliwaambia wengine kwa upole ule ule. "Aongee mtu mmoja. Mkasi, wewe. Kaa karibu naye, sema taratibu. Mama, hayo maziwa weka, atapaliwa. Mfungueni vifungo vya shati, apate hewa."

"Na tusimfunge?" Spika aliuliza. "Akikimbia?"

"Ukimfunga atapambana. Akipambana, mwili utachemka na moyo utakimbia zaidi. Mtu wa hali hii anaweza kufa kwa joto na purukushani. Kamba yako ni ya magunia, si ya kaka yako." Alimgusa Fundi shingoni, akahesabu mapigo, uso ukamkaza. "Sasa niambieni. Amekula nini? Amekunywa nini?"

"Chai," Spika alisema. "Chai na mkate."

"Na nini tena?"

Spika alimvuta Mkasi pembeni. Alinong'ona haraka. "Usiseme lolote la karatasi. Umesikia? Sijui ni madawa ama nini, lakini wiki hii ya tamasha, mji mzima unatutazama. Likitoka neno kwamba Fundi amelewa madawa, nani ataleta kazi hapa? Duka hili ni jina tu. Tuseme ni homa. Homa haina aibu."

Mkasi alimtazama baba yake kule kwenye kona. Alikuwa amejikunja, mikono myekundu kifuani. Jina la duka lilikuwa juu ya mlango, lilichorwa kwa mkono wake mwenyewe, na yeye alilipenda kama wote walivyolipenda. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua.

"Ameonja karatasi," alisema kwa sauti. "Ile aliyoiacha mgeni. Alichana mraba mmoja akauweka ulimini. Alisema ni chungu, na ulimi ukafa ganzi. Akautema, lakini alikuwa ameunyonya."

Nesi alisimama mara moja. "Chungu, tena ganzi? Hebu niione. Usiishike kwa mkono mtupu. Itie kwenye bahasha kwa kutumia kipande kingine cha karatasi. Spika, ile sauti yako leo itafaa: toka barabarani uite teksi. Tunakwenda hospitali sasa hivi."

Ndani ya teksi nesi alimwambia dereva azime muziki na afungue madirisha. Fundi alikaa nyuma, katikati ya mkewe na bintiye. Mkasi aliushika mkono wake, ulikuwa moto kama pasi.

"Wewe ni nani?" baba aliuliza.

"Mkasi."

"Mkasi unakata."

"Huu haukati, baba. Umekushika tu."

Fundi alifikiri sana juu ya hilo. "Nitabaki huku?" aliuliza tena, kama mtoto. "Nimekwisha kuwa mwendawazimu?"

"Hapana. Ni dawa, na dawa ina mwanzo na mwisho. Sasa uko katikati. Mwisho unakuja, na mimi nitakuwa hapa hapa."

Nesi aligeuka kutoka kiti cha mbele, akamwangalia Mkasi. "Nani kakufundisha maneno hayo?"

"Hakuna. Yamekuja tu."

"Basi endelea nayo."

Hospitalini daktari alisikiliza mambo yote kwa dakika chache, akatazama bahasha, akaanza kutoa amri. Fundi alilazwa kwenye chumba tulivu chenye mwanga hafifu. Alifutwa kwa maji ya baridi. Mwili ulipoanza kukakamaa na kutikisika, dawa ya kumtuliza ilikuwa tayari mkononi mwa daktari, ikaingia kwenye mshipa. Kutikisika kukapungua, kukakoma. Polepole moyo wake ukaanza kupunguza mbio.

Daktari alitoka akiwa na jasho na yeye. "Nani aliyesema habari ya karatasi?"

Mkasi alinyoosha kidole juu, kama yuko darasani.

"Umenisaidia sana. Mngeniambia ni homa, ningeanza kutafuta homa. Degedege ingemkuta mimi bado niko maabara na damu yake."

Spika aliinamisha kichwa, akaanza kuitazama sakafu kwa bidii.

Waliketi kwenye benchi la korido wakisubiri. Nesi, ambaye siku yake ya mapumziko ilikuwa imekwisha kumponyoka, aliketi nao.

"Mama Nesi," Mkasi alisema, "karatasi inawezaje kufanya vile? Haikuwa hata na unga. Ilikuwa karatasi tu, na samaki."

"Karatasi ni chombo tu, kama sahani. Kuna dawa zinazotengenezwa maabara, za kuleta njozi. Hazitoki shambani. Mtu anachanganya kemikali, anapata kitu chenye nguvu kiasi kwamba chembe usiyoiona kwa macho inatosha kumlewesha mtu mzima. Anakiyeyusha, anachovya karatasi ya kunyonya, anaikausha. Baada ya hapo hakuna anayejua mraba upi umenyonya kidogo na upi umenyonya sana. Hata muuzaji hajui."

"Na ndani ya kichwa inafanya nini?"

Nesi alitabasamu. Swali hilo alilipenda. "Nyinyi ni wachapaji, kwa hiyo mtanielewa haraka kuliko wengine. Ubongo wako ni nyumba ya uchapaji kubwa kuliko zote duniani. Macho yanaleta kazi, masikio yanaleta kazi, ngozi, pua, kumbukumbu, vyote vinaleta kazi kwa wakati mmoja. Je, mnachapa kila kinachoingia mlangoni?"

"Hata kidogo," mama alisema. "Tungezama."

"Na ubongo hivyo hivyo. Kuna meza ya kupokea. Inachagua: hili lichapwe, hili liachwe, hili tunalijua tayari. Ndiyo maana hamkuisikia feni hii mpaka nilipoitaja."

Wote walitazama juu. Feni ilikuwa ikilia muda wote ule. Mkasi alihisi nywele zikimsisimka. Miaka yote hiyo alikuwa akitembea na nyumba hiyo kichwani, na hakuna aliyewahi kumwambia.

"Chembe hai za ubongo, yaani seli, zinapelekeana habari kwa kemikali," nesi aliendelea. "Mojawapo inaitwa serotonini. Inasaidia katika usingizi, katika furaha na huzuni, na katika jinsi tunavyoona mambo. Ifikirie kama ufunguo. Kwenye kila chembe kuna vitasa, ufunguo unaingia, unageuka, unatoka. Kazi imekwisha. Sasa hizi dawa zimetengenezwa kwa umbo linalofanana na ufunguo huo. Ni ufunguo bandia. Unaingia kwenye kitasa, unakigeuza kwa nguvu kuliko ule halali, na unang'ang'ania humo kwa saa nyingi."

"Meza ya kupokea inaachwa wazi," Mkasi alisema, akisimama bila kujua kwamba amesimama. "Kila kazi inaingia. Zote zinachapwa kwa pamoja, bango juu ya bango, rangi juu ya rangi. Ndiyo maana nyekundu ilipiga kelele. Kazi ya macho imechapwa kwenye karatasi ya masikio."

Nesi alimgeukia. "Nimefundisha wanafunzi wa unesi ambao hawakulisema vizuri hivyo."

"Kaa chini, binti yangu," mama alisema, lakini ilionekana anamwonea fahari.

"Basi inaathiri kichwa tu," Spika alisema. "Akilala, kesho kapona."

"Ungeomba iwe hivyo. Vitasa hivyo viko hata kwenye mishipa ya damu. Moyo unakimbia, shinikizo la damu linapanda, mwili unachemka. Na zipo za aina nyingi. Zile za zamani watu wamezichunguza sana, na bado zinaweza kumtia mtu hofu kubwa, au kumfanya aruke dirishani akidhani ni mlango. Hizi mpya zinauzwa kwa jina la zile za zamani, lakini ni kitu kingine kabisa. Baadhi zinaleta degedege, zinaharibu figo, zinaua. Hizi mpya ndizo mara nyingi huwa chungu na huleta ganzi. Lakini nisisikie mtu akisema sasa ataonja ajue ipi ni ipi. Ulimi si maabara."

"Hilo mwambie mbuzi wangu akiamka," mama alisema. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na machozi yakamtoka papo hapo.

Fundi aliamka jioni. Alitazama dari kwa muda mrefu.

"Imetulia," alisema. "Dari imetulia." Kisha akamwona Mkasi, bado ameushika mkono wake. "Ulisema mwisho utakuja."

Kesho yake, kabla hajaruhusiwa kutoka, daktari alimweleza kwamba asishangae usingizi ukimpaa kwa siku kadhaa, na kwamba wengine hurudiwa na vimulimuli machoni au hofu isiyo na sababu. Akiona hivyo arudi, asijifiche. Akamuuliza kama kuna aliyewahi kuugua akili katika ukoo, maana kwa watu wa namna hiyo dawa hizi zinaweza kufungua ugonjwa usiofungika tena. Fundi alisema hakuna anayemjua, labda Spika. Hapo wote wakajua amepona.

Nesi alikuja na nguo zake za kazi. Hakuketi.

"Fundi, nina ombi, na una haki ya kulikataa. Karatasi hizi hazikutengenezwa kwa ajili yako. Zinalengwa kwenye tamasha. Ijumaa jioni vijana watakaosaidia uwanjani wanakutana kwenye ukumbi wa michezo. Nitakwenda kuwaeleza. Lakini mimi ni nesi. Watoto wamezoea nesi kuwaambia hiki kibaya, hiki kibaya. Mtu aliyepita humo wakimsikia, watakumbuka."

"Nisimame mbele ya watu niseme nilikimbia kamba?"

"Useme ilivyokuwa."

Fundi aliangalia vidole vyake. Wino mwekundu ulikuwa bado kwenye kucha. "Nakuahidi," alisema. "Nitakuja."

Mgeni alikuwa amesema atapita, na kweli alipita siku hiyo, Mkasi akiwa peke yake dukani. Safari hii hakutabasamu sana.

"Kazi yangu imeanza?"

"Haitaanza. Mfano wako uko hospitalini. Baba yangu alionja mraba mmoja, akapata degedege."

Kijana alibadilika rangi. "Hiyo haileti degedege. Hiyo ni ya kufungua akili tu. Hata madaktari wakubwa wanaifanyia utafiti, dada, usome."

"Nimemuuliza nesi," Mkasi alisema. "Ni kweli wapo wanaochunguza baadhi ya dawa za njozi, kama zitawasaidia watu wenye huzuni kubwa. Lakini wao wanajua dawa yenyewe ni ipi na kipimo chake ni kipi. Wamempima mtu moyo kwanza. Wanakaa naye mpaka mwisho. Wewe ulitaka kumpa nani, na ungekaa na nani? Unajua kilichomo kwenye karatasi yako?"

"Nilinunua kwenye mtandao. Waliniambia ni ile ya kawaida."

"Ilikuwa chungu."

Kijana aliugeukia mlango. "Kuna rafiki yangu anazo," alisema. Sauti ilikuwa imeshuka, sasa alionekana mdogo kuliko jana. "Amechukua nyingi."

"Basi mkimbilie sasa. Mwambie. Na kama ameshameza, mpeleke hospitali, useme ukweli wote. Pale wanatibu kwanza."

Alitoka mbio, safari hii mkoba ukimpigapiga mgongoni. Watu wa usalama walikuja baadaye kuuliza habari zake, kwa sababu hospitali ilikuwa imetoa taarifa ya karatasi zile. Mkasi aliwaambia alichokiona na alichokisikia, bila kuongeza wala kupunguza. Alasiri nesi alipiga simu: rafiki wa yule kijana alikuwa amefikishwa kitengo cha dharura mapema, na alikuwa anaendelea vizuri.

Dukani kulikuwa na kanuni mpya. Mama aliweka kitambaa kilicholowa maji kwenye kisahani, karibu na mashine. Karatasi mpya sasa iliguswa kwa kitambaa, si kwa ulimi, na ikiwa haijulikani ilikotoka haikuguswa kabisa. Fundi alikubali, ingawa alisema maji hayana akili kama mate.

Ijumaa, wakati Fundi anavaa shati safi, gari la promota likasimama mlangoni. Promota ndiye mwenye tamasha. Alikuwa mwanamke mchangamfu, na kazi zake ndizo zilizolisha duka lile zaidi ya zote. Leo hakuwa mchangamfu.

"Fundi, shikamoo. Nimesikia una hotuba."

"Marahaba. Si hotuba. Ni maneno machache."

"Maneno machache kuhusu madawa, siku moja kabla ya tamasha langu. Wazazi watawafungia watoto ndani. Nakuheshimu kama baba, lakini niweke wazi. Ukisimama pale, tamasha hili ndilo la mwisho kuchapisha kwako. Mwaka kesho nina mchapaji mwingine."

Spika alimtazama kaka yake kwa macho ya kuomba.

"Mwanangu," Fundi alisema, "sitawaambia wasije. Bango lako nimelichapa mimi, nalipenda. Nitawaambia wakija, wasile karatasi."

"Ni hilo hilo."

"Basi ni hilo hilo."

Promota akarudi garini. Fundi alifunga kifungo cha mwisho cha shati. Gari likaondoka.

"Kaka," Spika alisema taratibu, "tungeweza kumwambia nesi unaumwa. Homa."

Mkasi aliangua kicheko, na mama, na mwishowe Spika mwenyewe, ingawa hakupenda.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Vijana walikaa hadi kwenye madirisha, wamevaa fulana za tamasha, wanaimba. Wengine walikuwa wamemjua Fundi tangu wakiwa wadogo, walipokuja kuomba mabango. Nesi alimtambulisha kwa sentensi moja akashuka. Fundi alipanda peke yake. Hakuwa amezoea kipaza sauti, alikishika kama bisibisi. Nyuma ukumbini Mkasi alitaka kumwendea. Akabaki alipo.

"Mimi mnanijua," Fundi alisema. "Juzi niliweka kipande cha karatasi ulimini. Nikaona ukuta unapumua, nikamwogopa mdogo wangu kwa sababu alikuwa na kamba."

Vijana walicheka. Alingoja wamalize.

"Cheko hilo nimelilipia," alisema, "kwa hiyo chekeni vizuri. Halafu mnisikilize."